Ufunguo wa gari umegoma: kipi kimekufa, chuma, chipu au rimoti?

Mtu akiniambia ufunguo wa gari lake umekufa, huwa namuuliza: umekufa upande gani? Hicho tunachokiita ufunguo ni wapangaji watatu ndani ya nyumba moja. Kuna chuma, kinachozungusha kitasa cha mlango na swichi ya kuwashia. Kuna chipu ya imobilaiza, kidude kidogo cheusi au kijibomba cha kioo, kinachojitambulisha kwa kompyuta ya gari ili likubali kuwaka. Na kuna rimoti, yenye vitufe na kibetri chake, ambayo kwenye magari ya ufunguo wa kuzungusha kazi yake ni milango tu. Rimoti ikifa, chipu haina habari. Chuma kikikatika, rimoti inaendelea kulia "pip pip" kama kawaida.

Wengi wanalipia ufunguo mzima kwa sababu hawakujua ni mpangaji yupi aliyehama. Kwa hiyo tuanze na dalili.

Vitufe havifanyi kitu, lakini ukizungusha ufunguo gari linawaka

Hapa chuma kizima na chipu nzima. Mgonjwa ni rimoti, au ni gari lenyewe halimsikii.

Kwanza hakikisha milango yote imefungwa sawasawa na hakuna ufunguo uliobaki kwenye swichi. Toyota nyingi haziitikii rimoti ufunguo ukiwa umechomekwa, na nimeshaitwa kwa sababu hiyo tu. Kama una ufunguo wa akiba wenye vitufe, jaribu nao. Wa akiba ukifanya kazi, tatizo ni ile rimoti ya kwanza. Zote mbili zikiwa kimya, ziweke mezani uende kwenye gari: fyuzi ya vitasa, betri kubwa iliyochoka, au mawimbi yanayoingiliana pale ulipoegesha. Sogeza gari mtaa wa pili ujaribu tena. Na rimoti iliyokuwa nzima asubuhi ikigoma ghafla kufunga kwenye maegesho ya watu wengi, usiondoke hivyo hivyo. Wapo wezi wanaoziba mawimbi kwa kifaa mfukoni, wewe unadhani umefunga kumbe gari liko wazi. Funga kwa chuma, kisha vuta mlango uhakikishe.

Kuna ushauri unazunguka kwamba uelekeze rimoti kwenye kamera ya simu uone kama inatoa mwanga. Hiyo ni ya rimoti ya televisheni. Rimoti ya gari, ukiacha baadhi ya magari ya zamani ya Ulaya, inatumia redio, na kamera haioni redio. Rimoti nzima kabisa itaonekana imekufa.

Dalili ya kibetri ni umbali. Zamani ulikuwa unafungua ukiwa ng'ambo ya barabara, sasa mpaka uguse mlango, na wakati mwingine unabonyeza mara tatu. Hapo usisumbuke na kingine. Fungua kava kwa kuchomeka sarafu au bisibisi bapa kwenye ule ufa wa pembeni na kuizungusha taratibu. Kisu cha jikoni kinateleza na kukuchana kidole, au kinakwangua bodi, ile sahani ya umeme ya ndani. Kabla hujakitoa kibetri piga picha, ujue upande wa alama ya kujumlisha uliangalia wapi.

Namba iliyoandikwa mgongoni mwa kibetri usiikariri kutoka kwa jirani, isome. CR2032 maana yake ni upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2016 ina upana uleule lakini unene ni 1.6. CR1632 ina upana wa 16 na unene wa 3.2. Ndiyo maana muuzaji akikupa 2016 badala ya 2032 itaingia vizuri, kisha itachezacheza na rimoti itafanya kazi siku ikiamua. Umeme wa zote ni volti 3. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, kipya kinasoma 3 au zaidi kidogo. Kikisoma chini ya 2.7 kimechoka hata kama bado kinawasha taa ndogo nyekundu ya rimoti. Kishike kwa kingo zake, maana jasho na mafuta ya vidole huchafua mguso. Vingine siku hizi hupakwa utando mchungu ili watoto waviteme. Ule utando nao huzuia umeme kidogo, ufute kwa kitambaa chenye spiriti.

Nikiwa hapo kwenye watoto: kibetri cha namna hii kikimezwa huanza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili hivi. Usisubiri kitoke chenyewe. Ni hospitali mara moja.

Na usiogope kwamba ukitoa kibetri gari "litasahau" rimoti. Nyingi hazipotezi kumbukumbu. Bei ya kibetri haifiki sahani ya chipsi mayai, kwa hiyo anzia hapo kabla ya kumsikiliza yeyote anayetaja kompyuta.

Kibetri kipya, bado kimya

Fungua tena uangalie vile vibati viwili vinavyogusa kibetri. Vikilala, vinyanyue kidogo kwa ncha ya sindano. Vikiwa na kutu ya kijani, sugua kwa brashi ya meno yenye spiriti.

Kisha vitufe. Chini ya mpira unaoubonyeza kuna viswichi vidogo vya mraba, na kile cha kufungulia ndicho huchoka kwanza kwa sababu ndicho kinachobonyezwa zaidi. Ondoa mpira, bonyeza kiswichi chenyewe kwa ncha ya kalamu. Usiposikia ule mlio mdogo wa "tik", kimechoka; kikiwa kinayumba kama jino bovu, lehemu imeachia. Hapa mtu wako ni fundi simu. Fundi gari usimsumbue. Kazi ya kutoa kiswichi cha milimita chache na kugongea kingine fundi simu anaifanya siku nzima, na ana spea kutoka kwenye bodi mbovu alizojaza kwenye kopo.

Rimoti iliyofuliwa ndani ya suruali si lazima iwe imekufa. Toa kibetri mara moja, kwa kuwa umeme ukipita kwenye maji ndio unaoua bodi. Ikiwa ilizama baharini, isuuze kwanza kwa maji baridi ya kawaida kutoa chumvi, halafu spiriti, halafu iache kwenye upepo siku nzima. Kuizika kwenye mchele hakuondoi chumvi. Utaharibu mchele tu.

Umebadilisha kava, sasa stata inapiga ila gari haliwaki

Hii ndiyo niipendayo, kwa sababu ilinitokea mimi. Kava la ufunguo wa shemeji yangu lilikuwa limepasuka, anafunga kwa mpira wa nywele. Nikanunua kava jipya, nikahamisha bodi ya rimoti, nikahamisha kibetri, nikachonga chuma kipya. Kila kitu kikapendeza. Milango inafunguka. Nazungusha, stata inapiga vizuri, injini inashika sekunde moja na kuzima. Tukashuku pampu ya mafuta. Tukashuku plagi. Saa mbili baadaye shemeji akauliza, "Hivi lile kava la zamani umelitupa wapi?" Lilikuwa kwenye ndoo ya taka, na ndani yake, kwenye kishimo chembamba kando ya mahali chuma kinapoingilia, chipu ilikuwa imelala. Ni kipande cheusi, kirefu kidogo kuliko punje ya mahindi, hakina waya, hakina maandishi, kimebanwa kama uchafu wa plastiki. Nilikuwa nimekiona, nikakiacha.

Chipu haihitaji kibetri. Kuzunguka swichi ya kuwashia kuna pete ya waya. Ukichomeka ufunguo, pete hiyo inaipa chipu umeme kidogo wa hewani, chipu inajibu namba yake, kompyuta inakubali. Kwa hiyo kabla ya kutupa kava lolote lipasue kabisa, na kila kitu usichokielewa kihamishe. Itoe chipu kwa upole, hasa ile ya kioo, kwa kuwa ikipasuka haiungwi.

Ukiwa na dalili hii bila kugusa kava, tazama taa ya ufunguo au kigari chenye kufuli kwenye dashibodi. Kwenye Toyota taa hiyo humulika gari likiwa limezimwa na huzimika ukichomeka ufunguo unaotambulika. Ikiendelea kumulika, gari halijaiona chipu. Jaribu kwa kutoa ufunguo huo kwenye mkufu wake, kwani chipu ya gari jingine ikining'inia karibu huwachanganya. Jaribu na wa akiba. Wote wawili wakikataliwa, kosa huenda liko kwenye pete au waya wake. Taa ikizimika kama kawaida na bado haliwaki, ufunguo hauhusiki. Hapo ndipo ukumbuke mafuta na plagi.

Jambo moja ambalo wachonga funguo wengine hawatakuambia: magari mengi tuliyoleta kutoka Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayana imobilaiza hata kidogo. Ufunguo wake ni chuma kitupu, na nakala ya kuchonga pale Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road, Nairobi, inawasha gari bila neno. Kabla hujalipia chipu, funga kichwa cha ufunguo wako unaofanya kazi kwa karatasi ya alumini ya jikoni, mikunjo mitatu iliyobana hadi shingoni, kisha washa. Likiwaka na kuendelea kunguruma, karibu kwa hakika hakuna imobilaiza, na anayekuuzia chipu anakuuzia pambo.

Ufunguo unaingia lakini hauzunguki

Mara nyingi ni usukani tu. Uliegesha matairi yakiwa yamekunjwa, kufuli la usukani limebana. Shika usukani, utikise kushoto na kulia kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha ufunguo bila nguvu. Nguvu ndiyo inayowapeleka watu kwenye dalili inayofuata.

Usukani ukiwa huru na ufunguo bado hauzunguki, tazama meno ya ufunguo. Chuma kinalika. Baada ya miaka kumi na tano ile milima inakuwa vichuguu, na ndani ya silinda, yaani tundu linalopokea ufunguo, vibati vidogo vinavyoshika meno navyo vimelika. Kuna wazee wanachomoa ufunguo gari likiwa linatembea na kukuonyesha kama kiini macho; hiyo ni silinda iliyokwisha. Kosa linalorudiwa ni kumpelekea mchongaji ufunguo uliolika akutolee nakala. Mashine inafuata umbo inalolikuta, kwa hiyo unapata ufunguo mpya wenye uzee uleule. Mpelekee wa akiba uliokaa kabatini, huo ndio wenye meno ya asili. Kama haupo, kuna namba. Gari jipya hutoka kiwandani na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo, ambacho kwenye gari la mtumba kwa kawaida kilishabaki Japani, lakini kwenye baadhi ya Toyota namba hiyo imegongwa pia kwenye silinda ya kitasa cha mlango wa abiria. Mlango huo hauchomekwi ufunguo mara kwa mara, hivyo hata silinda yake ni mpya. Mchongaji mzuri anaweza kuifungua na kusoma meno kutoka mle.

Silinda ikiwa ngumu usimimine mafuta ya injini. Yanakusanya vumbi, na vumbi letu la kiangazi unalijua. Saga risasi ya penseli, paka kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa.

Umevunjikia ndani

Usiguse kwanza. Angalia swichi ilikuwa kwenye hatua gani. Ufunguo hutoka kwenye hatua ya kufunga peke yake. Ukivunjikia ikiwa imezungushwa, vile vibati vya ndani vinakishika kipande na hutakitoa hata kwa sumaku. Irudishe kwanza kwa bisibisi bapa nyembamba, taratibu, gia ikiwa P kama ni otomatiki. Halafu chukua ubapa wa msumeno mwembamba wa kukatia chuma, meno yakiangalia kwako, upitishe kando ya kipande upande wa mitaro, uukaze kidogo kwenye meno ya ufunguo na uvute. Kikichungulia nje, malizia kwa kibanio cha nyusi. Gundi kali usithubutu. Nimeona silinda iliyogandishwa na tone moja, na bei yake si ya mchezo.

Vipande vyote viwili vitunze. Mchongaji akivibana pamoja anachonga nakala. Na kama huna fedha ya chipu nyingine siku hiyo, chonga chuma kitupu, kisha shika kichwa cha zamani chenye chipu kikigusana na pete ya swichi huku unazungusha chuma kipya. Gari litawaka. Limenitoa Chalinze hadi nyumbani, kichwa kikiwa kimefungwa kwa selotepu.

Gari la kubonyeza halioni ufunguo

Magari ya kuwashwa kwa kubonyeza kitufe hayana shimo la kuzungusha, ila wapangaji ni walewale. Chuma kimefichwa ndani ya ufunguo: sogeza kibanio kidogo cha pembeni ukivute. Tundu la mlango nalo wakati mwingine liko chini ya kifuniko cha plastiki kwenye kitasa. Ukifungulia chuma, kengele inaweza kulia mtaa mzima. Gari likiwaka itanyamaza.

Kuwasha ukiwa na kibetri kilichokufa ni rahisi. Kwenye Toyota kanyaga breki, gusisha ule upande wa ufunguo wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio, kisha bonyeza kitufe palepale. Nissan za zamani kidogo zina mfuko wa kuchomeka ufunguo wote chini ya dashibodi. Nyingine unagusisha kwenye kitufe kama Toyota. Ni ileile pete ya waya, imehamia nyuma ya kitufe.

Kibetri kikiwa kizima na bado halioni, angalia ufunguo umelala na nani. Simu, chaja ya gari na kompyuta mpakato vinauziba. Uhamishie mfuko wa pili. Kwenye Toyota, taa ya kitufe ikigeuka kijani ukikanyaga breki, ufunguo umeshaonekana, tatizo litafute kwingine. Isipogeuka, pitia pia swichi ya breki: mwambie mtu asimame nyuma aone kama taa za breki zinawaka.

Mmoja umepotea, mmoja upo

Usingoje wa pili upotee. Kuongeza ufunguo huku mmoja unao ni kazi nyepesi. Bila hata mmoja ni habari nyingine.

Ukinunua rimoti mtandaoni, umbo lisikudanganye. Gari la soko la Japani kwa kawaida husikiliza kwenye masafa ya karibu na megahezi 315, la Ulaya mara nyingi 433.92. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama mapacha na zisielewane hata kwa neno moja. Linganisha namba iliyo kwenye bodi ya ndani. Na ufunguo wa mtumba wa Toyota ya kubonyeza ukishaingizwa kwenye gari moja hujifunga. Hauingii kwenye la pili mpaka ufutwe kwa mashine.

Rimoti za Nissan nyingi za ufunguo wa kuzungusha unaziingiza mwenyewe. Kaa ndani, funga milango yote kwa kitufe. Chomeka ufunguo na kuuchomoa kabisa mara sita ndani ya sekunde kumi, hadi hazadi, zile taa za dharura, zimulike mara mbili. Chomeka, zungusha hadi hatua ya kwanza, ya redio, bonyeza kitufe chochote cha rimoti mpya. Hazadi zikijibu, imeingia. Zisipojibu, mara nyingi ulichelewa au hukuchomoa hadi mwisho, rudia. Hii inaingiza vitufe peke yake. Chipu inahitaji mashine inayochomekwa chini ya dashibodi.

Kwa chipu fundi atakuuliza, au wewe umuulize: ananakili au anasajili? Kunakili ni kutoa pacha mwenye namba ileile ya ufunguo wa zamani. Ni haraka na mara nyingi hahitaji kuligusa gari. Kusajili ni kuliambia gari kuna ufunguo mpya, na hapohapo anaweza kuufuta uliopotea. Kama ulianguka daladalani mbali na kwako, nakala inatosha. Kama mkoba uliibiwa ukiwa na kadi ya gari yenye jina lako, dai usajili na ufutwe wa zamani, vinginevyo umenunua ufunguo wako na mwizi bado ana wake.

Zote zimepotea

Hapa usijifanye fundi. Usivunje kava la usukani, usikate nyaya, wala usilivute gari kwa kamba kabla ya kuuliza, kwa sababu wachonga funguo wengi hulifuata lilipo. Chukua taarifa ya upotevu polisi, Kenya wanaiita abstrakti, na uwe na kadi ya gari na kitambulisho. Fundi asiyekuomba karatasi hizo ni wa kumwogopa. Kesho atamfungulia mwingine gari lako hivyohivyo.

Hakikisha betri ya gari imejaa. Kwenye Toyota nyingi za kubonyeza, kufuta funguo zote na kuanza upya huchukua kama dakika 16 za kusubiri tu, na umeme ukishuka katikati mnaanza tena. Mwambie atengeneze mbili kwa safari moja.

Kabla hajaondoka jaribu kila ufunguo kwa sehemu zake zote. Chuma kwenye mlango wa dereva na buti. Chipu: washa, acha ingurume dakika nzima, zima, washa tena. Rimoti: vuka barabara, bonyeza. Akikupa na kibati cha namba, kipige picha, ukitume kwa mwenzi wako, na chenyewe ukiweke nyumbani. Nimekuta watu wanne sasa waliokining'iniza kwenye mkufu wa ufunguo uleule.